Rungwe isianze na kiwanda cha bandeji, ianze na maabara

Kabla daktari wa upasuaji hajafunga tumbo la mgonjwa, muuguzi huhesabu gozi. Zilizoingia ishirini zinapaswa kutoka ishirini, na ikipungua moja hakuna anayevua glavu mpaka ipatikane. Uangalifu huo una sababu ya kikemia. Gozi ni pamba, na pamba karibu yote ni selulosi, kitu ambacho ng'ombe hukimeng'enya kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake, lakini mwili wa binadamu hauna njia ya kukivunja. Kipande kilichosahaulika ndani leo kinaweza kukutwa hapohapo miaka mingi baadaye, kimezungukwa na kovu au usaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakemia wa kampuni ya filamu za picha ya Eastman Kodak, Marekani, waliipitishia selulosi hiyohiyo gesi ya naitrojeni dioksidi, wakapata kitu ambacho kwa macho huwezi kukitofautisha na gozi ya kawaida. Mwaka 1943 daktari Virginia Frantz wa New York alieleza matumizi yake katika upasuaji: kinasaidia damu kuganda, kinaachwa ndani makusudi, na baada ya wiki chache mwili umekimaliza. Pamba ni ileile; kilichobadilika ni oksijeni iliyoongezwa mahali fulani katika molekuli zake.

Selulosi ni mojawapo ya polima asilia, yaani molekuli ndefu zilizojengwa kwa molekuli ndogo zilizofungamana kwa mfuatano kama shanga kwenye uzi, ambazo mimea na wanyama huzitengeneza wenyewe. Selulosi ya mgomba na wanga wa kiazi zimejengwa kwa sukari moja, glukosi. Namna glukosi hizo zilivyounganishwa ndiyo inayofanya kimoja kiwe chakula na kingine kiwe kamba. Mkemia anaposema anarekebisha polima, mara nyingi anachofanya ni kubandika kitu kidogo ubavuni mwa glukosi, au kufunga molekuli mbili pamoja, bila kuuvunja mfuatano wenyewe. Akina mama wengi walioshonwa baada ya kujifungua wamewahi kubeba mfano wa kazi hiyo mwilini bila kujua. Uzi wa kushonea uliotokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe ni kolajeni, na ukitumiwa bila kutiwa dawa hupoteza nguvu ndani ya siku saba hadi kumi, mapema mno kwa kidonda kinachochelewa kupona. Ukilowekwa kwenye chumvi ya kromu, kemia ileile inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu, hushikilia kwa wiki mbili mpaka tatu. Hospitali duniani kote zimeutumia uzi huo tangu karne ya 19.

Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, inahusikaje? Inahusika kwa kuwa malighafi imeizunguka. Anayepanda gari kutoka Uyole kuelekea Tukuyu huanza na mashamba ya viazi mviringo kwenye baridi ya Isongole, hushuka Kiwira penye mikungu ya ndizi iliyopangwa kando ya lami, kisha migomba humsindikiza mpaka karibu na Kyela. Udongo wa volkano na mvua isiyokatika ndivyo vilivyoifanya ndizi kuwa chakula cha Wanyakyusa na biashara yao ya Dar es Salaam. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina hukatwa, na shina hilo limejaa nyuzi ambazo sehemu yake kubwa ni selulosi. Kwa hiyo haishangazi kuwa kila inapozungumzwa habari ya kuongeza thamani ya mazao, hujitokeza mtu anayesema shina la mgomba litengenezewe bandeji na taulo za kike, na kwamba kinachosubiriwa ni mwekezaji na mashine. Naunga mkono kwamba mgomba unaweza kuingia hospitalini. Napinga kwamba kinachosubiriwa ni mashine.

Wanaolizungumzia jambo hili wamegawanyika pande mbili, na zote mbili zimekosea mahali pamoja. Upande wa kwanza husema cha asili hakina madhara, hivyo jani la mgomba ni bora kuliko chochote cha kiwandani. Upande wa pili husema penye kemikali pana sumu. Chukueni jani lenyewe. Mjini Mumbai, India, madaktari wa majeraha ya moto walifunika vidonda kwa majani ya mgomba yaliyoandaliwa na kuuliwa vijidudu, na mwaka 2003 walichapisha matokeo katika jarida la kitabibu la majeraha hayo. Jani halikugandana na kidonda, na kulibadilisha hakukumtesa mgonjwa kama gozi yenye mafuta inavyomtesa. Kabla yao, miaka ya 1980, daktari Keswani wa jiji hilohilo alibandika maganda ya viazi yaliyochemshwa juu ya gozi, akafunika nayo vidonda vya moto, na maganda yale yaliweka unyevu ambao ngozi mpya huuhitaji. Ndizi na kiazi, mawili kati ya mazao makuu ya Rungwe, yote yamewahi kuwa kifunika kidonda hospitalini. Yeyote anayedharau njia hizi kuwa za kishamba hajasoma.

Hata hivyo jani lina mipaka yake. Halinyonyi, na kidonda kikitoa maji mengi maji hayo hubaki chini ya jani. Haliwezi kukaa kwenye stoo ya zahanati miezi sita likisubiri mtoto aliyemwagikiwa uji. Likitoka shamba lililopuliziwa dawa wiki iliyopita, linakuja na dawa hiyo. Mipaka hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye kemia. Ukichukua selulosi iliyosafishwa, ukaitia kostiki, kisha ukaikutanisha na asidi ya kloroasetiki, glukosi zake hupata vikundi vinavyopenda maji, na kinachotoka huitwa kaboksimethili selulosi. Nyuzi zake zikiwekwa kwenye kidonda kinachochuruzika hunywa majimaji, huvimba, na kugeuka jeli laini. Muuguzi anapokuja kubadilisha, anaiondoa jeli kwa kipande kimoja, naye mgonjwa hapigi kelele, maana hakuna uzi uliozama kwenye nyama changa. Bidhaa za aina hiyo zinauzwa duniani kwa bei ambayo hospitali nyingi za wilaya haziwezi kuimudu kwa kila mgonjwa mwenye kidonda cha kisukari.

Sasa nije kwa wanaoamini kwamba kitu kikitoka shambani hakiwezi kumdhuru mtu, maana historia ya kiazi inawajibu vizuri kuliko mimi. Wanga wa kawaida ukiingizwa kwenye damu huvunjwa upesi na vimeng'enya. Wakemia waliubandika vikundi vya hidroksiethili, vimeng'enya vikashindwa kuushambulia kwa haraka, na wanga ukabaki kwenye mishipa kwa saa nyingi ukivuta maji. Ikawa dripu ya kuongeza ujazo wa damu, na aina mojawapo ilitengenezwa kwa wanga wa viazi. Madaktari wa Ulaya waliitumia kwa miaka mingi wakiamini inaokoa. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Denmark, Norway, Finland na Iceland kwa wagonjwa mahututi 798 waliokuwa na maambukizi makali yaliyoenea mwilini. Nusu walipewa dripu ya wanga wa viazi, nusu dripu ya kawaida ya maji yenye chumvi. Baada ya siku 90, asilimia 51 ya waliopewa wanga walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 43 ya wenzao, na waliohitaji mashine ya kufanya kazi ya figo walikuwa wengi zaidi upande wa wanga. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kabisa uuzaji wa dripu hizo.

Tazameni kilichotokea hapo. Kiazi hakikuwa na kosa, wala kemia haikuwa ya kizembe. Ilitimiza barabara kile ilichoombwa, yaani kuufanya wanga udumu mwilini. Ila kinachodumu kwenye damu hudumu pia kwenye figo na viungo vingine, na hilo halikupimwa vya kutosha mapema. Haya yalitokea kwenye nchi zenye maabara kila mtaa na mamlaka za dawa zenye miaka mingi ya uzoefu. Kutokana na kisa hicho natoa msimamo wangu wa kwanza: chochote kitakachotokana na mgomba au kiazi cha Rungwe kianzie juu ya ngozi. Kisiingie kwenye mshipa, kisiingie tumboni, kisiachwe ndani ya jeraha kwa kutumaini kwamba mwili utakimaliza. Kitu kilicho juu ya ngozi, kikileta mwasho, kinabanduliwa. Vya ndani viachiwe kizazi kitakachokuwa kimeshajifunza kwenye vya nje.

Juu ya ngozi pana kazi ya kutosha, na majirani wameshaanza. Rwanda, shirika la SHE linatengeneza taulo za kike kwa nyuzi za mgomba. Uganda, mhandisi Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni taulo za mafunjo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kuiondolea katani lignini, ile gundi ya asili inayozifanya nyuzi ziwe ngumu na zisipende maji, kwa asidi ya peroksifomiki isiyo kali. Walichopata kilinyonya zaidi ya pamba iliyomo kwenye taulo za dukani. Katani! Zao ambalo Tanganyika iliongoza nalo duniani, na ambalo mwaka 1964 lilivuka tani 200,000, likaanguka vibaya kamba za plastiki zilipoingia, kwa sababu tulikuwa tukiuza nyuzi za kamba na hatukuwa na jambo jingine la kufanya nazo. Miaka sitini baadaye imegundulika kwamba nyuzi zilezile, baada ya kuoshwa kwa asidi, zinashinda pamba. Lignini ya mgomba nayo inaweza kuondolewa kwa njia za jamii hiyo, na hapo ndipo mabishano yangu na wapenda mashine yanapoanza.

Mashine ya kukamua shina na kutoa nyuzi si ngumu. Fundi mzuri wa gereji anaweza kuiunda. Tatizo ni kwamba mashina mawili hayafanani. Lililokatwa mvua za Aprili linatofautiana na la Septemba, la Kiwira na la bondeni kuelekea Kyela, la ndizi za kupika na la ndizi mbivu. Shina zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, na nyuzi zikilala hata siku mbili kwenye unyevu wa Tukuyu zinaanza kuwa nyeusi. Bandeji, kinyume chake, lazima ifanane leo na mwakani. Ni lazima mtu aweze kusema kwa tarakimu: lignini iliyobaki ni kiasi gani, glukosi ngapi kati ya mia zimepata kikundi kilichokusudiwa, asidi imeoshwa mpaka imebaki kiasi gani, kuna metali zipi, na je, zipo sumu za bakteria ambazo hubaki hata baada ya bakteria wenyewe kufa kwa mvuke? Bila tarakimu hizo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba haiwezi kukisajili kifaa, na haipaswi. Mamlaka hiyo ndiyo ya kwanza Afrika kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani, Desemba 2018, kufikia ngazi ya tatu ya umadhubuti. Wanaolalamika kwamba masharti yake yanaua ubunifu wa vijana wangetakiwa kufurahi kwamba muhuri wake unaheshimika nje.

Atatokea mtu aseme maabara ni anasa ya Dar es Salaam. Rungwe yenyewe inamkanusha. Wilayani humo kampuni ya TOL Gases huvuna gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye maeneo ya volkano, gesi ambayo hutumika kwenye vinywaji. Wanakijiji waliijua gesi hiyo tangu zamani kama kitu kinachoua wadudu na ndege mabondeni. Haikuwa bidhaa mpaka ilipokamatwa, ikasafishwa, ikapimwa, na kuthibitishwa kwamba inafaa kwa vinywaji. Vilevile Tukuyu ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chenye historia ya kazi za usubi kando ya mito ya huko. Mbeya, kilomita 70 hivi, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kampasi ya tiba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kinakijua kiazi nje ndani. Watu wapo. Kinachokosekana ni chumba kimoja chenye vyombo vinavyofanya kazi, maji safi kupindukia, umeme usiokatika katikati ya kipimo, na mkemia ambaye ajira yake ni hiyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. India na China zinauza gozi kwa bei ambayo nyuzi za mgomba hazitaifikia kamwe, na hata ndani ya nchi pamba ya Shinyanga na Simiyu ina haki ya kwanza. Nakubali moja kwa moja. Anayetaka Rungwe ishindane na gozi ya kawaida anaipeleka kwenye hasara. Ushindani unaowezekana ni kwenye vifunika vidonda vya jeli, ambavyo leo zahanati haivipati kabisa, na ambapo hesabu sahihi ni ya siku zote za matibabu: bandeji inayobadilishwa kila siku kwa mwezi, pamoja na muda wa muuguzi, dawa ya maumivu na nauli ya mgonjwa, huenda ikawa ghali kuliko ile inayokaa siku tatu. Nasema huenda, kwa sababu hesabu hiyo inabadilika na aina ya kidonda, na ni kazi ya kwanza ambayo maabara na hospitali zingeifanya pamoja. Wengine watanionyesha kiwanda cha glavu cha Bohari ya Dawa pale Idofi, Makambako, waulize kwa nini mgomba usifuate njia hiyo. Glavu ni bidhaa ambayo dunia ilishaielewa: viwango vyake vimeandikwa, mashine zake zinanunuliwa zikiwa kamili. Kifunika kidonda cha mgomba wa Rungwe hakina kiwango cha kunakili.

Wakulima nao wasidanganywe. Vidonda vya mkoa mzima wa Mbeya haviwezi kumaliza mashina ya kata moja, na fedha nyingi ya bidhaa ya namna hii hubaki kwenye usafishaji na upimaji, si kwenye shina. Isitoshe, shina si takataka kama wazungumzaji wa semina wanavyopenda kusema. Wafugaji wa Rungwe hulikatakata wakawapa ng'ombe wa maziwa kiangazi, na linalobaki hurudishwa chini ya mgomba kurutubisha udongo na kutunza unyevu. Mgomba hula potasiamu nyingi. Ukihamisha mashina yote, baada ya misimu michache utakuwa ukinunua mbolea kufidia ulichouza kwa bei ya chini. Mradi uchukue sehemu ndogo, ulipe kwa kilo ya nyuzi kavu safi, na usimwahidi mtu bati jipya.

Kuhusu mito, hofu ni halali. Kiwira na Mbaka zinaishia Ziwa Nyasa, na vijiji vinakunywa njiani. Kuondoa lignini kwa klorini, kama viwanda vya zamani vya karatasi vilivyofanya, kusiruhusiwe hata kwa majaribio. Asidi ya peroksifomiki ina nafuu kwa kuwa huvunjika kuwa asidi ya fomiki na maji na gesi, lakini maji ya kuoshea yatabaki na lignini iliyoyeyuka, na utengenezaji wa kaboksimethili selulosi huacha chumvi nyingi. Maabara ndogo hutoa uchafu wa ndoo, ambao unaweza kukusanywa na kutibiwa wakati watu wanajifunza. Kiwanda kikubwa kilichojengwa kabla ya kujifunza hutoa uchafu wa matenki, na wenyewe huanza kuuliza maswali samaki wakiwa wameshakufa.

Imebaki fedha, na hapa nina angalizo kwa madiwani wa halmashauri za Rungwe na Busokelo. Kutakuwa na kishawishi cha kuuingiza mradi huu kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa kuwa picha ya kikundi cha akina mama wakishika bandeji za mgomba inapendeza kwenye sherehe. Wasifanye hivyo. Kikundi kinachokopa kinaanza kurejesha baada ya muda mfupi, ilhali kifaa tiba kinaweza kuchukua miaka kabla ya kuruhusiwa kuuzwa, na hao akina mama wataachwa na deni na shehena ya nyuzi zisizo na mnunuzi. Fedha za hatua hii ni za utafiti: mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), bajeti za vyuo, na wafadhili wa afya ambao tayari wanafanya kazi nyanda za juu. Kikundi kiingie baadaye, tena kwa mkataba wa kuleta nyuzi zilizokaushwa kwa kiwango ambacho maabara itakuwa imekiandika, nao walipwe papo hapo hata kama fungu la bandeji lililotokana na nyuzi hizo litashindwa kipimo.